Kila mtu na mji wake

Nianze na onyo. Humu nitasimulia mwisho wa Life is Strange, na katikati yake, na hata yale ambayo huenda hukuyaona kwa sababu hukufungua mlango fulani. Kama hujaicheza na una nia, rudi siku nyingine. Gemu yenyewe ni ya 2015, kwa hiyo sidhani kama nitapelekwa kwa balozi.

Mwaka 2019 mfungo uliangukia Mei, masika yamekolea, Ngamiani barabara zote za namba zina madimbwi na waendesha baiskeli wanapita suruali zimekunjwa hadi magotini. Mkataba wangu wa kazi Dar ulikuwa umeisha. Nikarudi Tanga kwa mama mdogo na mabegi mawili na laptopu kuukuu iliyokuwa inalia feni kama mashine ya kukoboa. Televisheni ya nyumbani ilikufa tangu Shaabani, na fundi kila siku alikuwa anakuja kesho. Usiku wa mfungo nao mrefu: watu wametoka tarawehe, kaimati zimebaki kwenye bakuli, daku bado. Ndipo mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kidato cha tatu wakati ule, akauliza, "Dada, hiyo mashine yako haina gemu?"

Gemu alizozijua yeye ni za kibandani: mpira, unalipia mechi, ukifungwa unaachia pedi mwenzio aingie. Nilipomwambia ninayo ya msichana wa shule anayepiga picha, alinitazama kwa huruma.

Sehemu ya kwanza hutolewa bure tangu Julai 2016, na hiyo ndiyo niliyokuwa nayo. Nne zilizobaki alizilipia kaka yangu aliyeko Maskati, baada ya kunisimanga dakika kumi kwenye simu. Nilipakua kwa bando la usiku, laptopu ikiwa juu ya tenga la vitunguu kwa sababu hapo ndipo mtandao ulipokuwa unakamata. Waliocheza mwanzoni hawakuwa na bahati yetu. Watengenezaji, Dontnod wa Paris, waliitoa kwa vipande vitano kati ya Januari na Oktoba 2015, kwa hiyo kati ya kipande na kipande watu walikaa wiki nyingi wakibishana. Sisi tulisubiri futari tu.

Kwa wasioijua: Max Caulfield ana miaka kumi na minane, anasomea picha katika mji mdogo wa wavuvi uitwao Arcadia Bay, jimbo la Oregon, Marekani. Mji huo haupo kwenye ramani, ila ukikulia Tanga utautambua: samaki wamepungua, kuna tajiri mmoja kila kiwanja ni chake, na kijana mwenye akili huulizwa ataondoka lini. Max mwenyewe aliondoka. Baba wa rafiki yake Chloe alikufa kwa ajali ya gari, na siku chache baadaye wazazi wa Max wakahamia Seattle. Miaka mitano hakuandika wala hakupiga. Gemu inapoanza, Oktoba 2013, amesharudi mjini wiki kadhaa na bado hajamtafuta. Kisha chooni shuleni anaona msichana akipigwa risasi, ananyoosha mkono, na wakati unarudi nyuma. Msichana ndiye Chloe.

Msemo wetu wa waja leo waondoka leo tumezoea kuwatupia wageni. Wenyeji waliopanda basi alfajiri na sanduku hatuwasemi.

Mdogo wangu alibadilika alipoelewa jinsi huo wakati unavyorudi. Wengine wote wanasahau, Max peke yake anakumbuka, na anabaki pale pale aliposimama. Unamuuliza mtu swali, unalisikia jibu, unarudisha nyuma, unajifanya ulilijua tangu zamani. "Hii si ni kuangalizia?" akasema, akasogeza kiti. Mama mdogo alikuwa mkekani akichambua mchele kwa tochi ya simu, na tulidhani hatazami. Damu ilipomtoka Max puani, akasema bila kuinua kichwa, "Angekuwa wangu huyo, ningeshamfukiza ubani."

Basi wakawa wawili. Usiku wa pili muuza kahawa naye akaweka dele lake kibarazani, akawa anagonganisha vikombe mara mojamoja ili wateja wajue yupo, lakini macho yako kwenye skrini.

Gemu ina maandishi ya Kifaransa, Kijerumani, Kireno na mengine, Kiswahili hamna, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Kazi ngumu kuliko niliyokuwa nalipiwa Dar. Tatizo la kwanza ni heshima. Max anamjibu mkuu wa shule waziwazi, na kwa Kiingereza haina neno, lakini nikiitoa kwa Kiswahili kama ilivyo mama mdogo anakunja uso. Nikaanza kumtilia Max "shikamoo" na "samahani mwalimu" ambazo hakuzisema, ili tu apendwe. Chloe nilimwacha alivyo. Ana nywele za buluu na neno lake moja la mtaani analolitia kila mahali, ambalo mdogo wangu aliamua ni "noma", na toka hapo kila kitu Arcadia Bay kikawa noma sana. Kuna mambo mengine kati ya Max na Chloe niliyoyatafsiri kwa kukohoa. Mdogo wangu alikuwa anajua Kiingereza cha kutosha kunitazama kila nilipokohoa.

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda.

Katika shule ile yupo msichana anaitwa Kate Marsh. Mcha Mungu, mpole, anapiga fidla, chumbani ana sungura. Alikwenda kwenye sherehe, akawekewa kitu kwenye kinywaji, akarekodiwa, na klipu ikasambaa shule nzima. Gemu haikuambii huyu ndiye wa kumwangalia. Amewekwa pembeni, katikati ya vijana wenye makelele. Ukipita bwenini mlango wake una kibao cha kuandikia na mtu ameandika upuuzi. Unaweza kufuta, unaweza kupita. Ukiingia chumbani kwake kuna picha za nyumbani, Biblia, barua. Ukitaka soma, hutaki toka.

Sisi tulitoka. Mdogo wangu alikuwa na haraka ya kumfikia Chloe na gari lake bovu.

Kisha sehemu ya pili, Max amekaa na Chloe kwenye mgahawa ambao mama yake Chloe, Joyce, anahudumia. Mama mdogo alimpenda Joyce papo hapo. "Mama ntilie mwenzangu," alisema, na akamkosoa kwa kubeba jagi la moto karibu na watoto. Simu ya Max inaita. Ni Kate. Chloe ananuna: upo na mimi au upo na simu? Gemu inasimama inakungojea. Upokee au uache?

"Acha," alisema mdogo wangu. "Tutampigia baadaye."

Sikupinga. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Nilikuwa mkubwa kuliko wote waliokuwa na kidole karibu na kibodi, na niliona ni sawa.

Wote tulikuwa tumeshazoea kwamba kosa halina gharama, unarudisha. Ndiyo maana kilichofuata kilitupata vibaya. Kate amesimama juu ya paa la bweni, mvua inanyesha, shule nzima iko chini. Max anausimamisha wakati kwa nguvu zake zote, anapanda hadi juu, na huko nguvu zinakwisha. Kinachobaki ni maneno. Kate anazungumza, nawe unachagua la kumjibu, na majibu yenyewe ni ya vitu vilivyokuwa chumbani mwake: nani nyumbani kwao anampenda, aya ipi ya Biblia imfariji. Aliyeangalia anajua. Sisi tulibahatisha. Tukakosea aya, tukakosea na lile lingine.

Mdogo wangu alibonyeza kitufe cha kurudisha nyuma. Akabonyeza tena. Nadhani alibonyeza mara ishirini. Muuza kahawa alisema "Inna lillahi" kama vile amepita kwenye msiba wa kweli, na hakuna aliyemcheka.

"Dada, turudi nyuma. Si tulisevu?"

"Acha," alisema mama mdogo. Mchele alikuwa ameshauweka chini. "Mwenzenu alishaita."

Mwisho wa kila sehemu gemu hukuonyesha uliyochagua na asilimia ya wachezaji duniani waliofanya kama wewe. Usiku wa kwanza hilo lilizua utani, muuza kahawa akitaka kujua vituo vya kupigia kura vimewekwa wapi. Usiku ule hakuna aliyezitaka zile namba. Mdogo wangu aliifunga laptopu zikiwa bado zinajitokeza.

Nimesoma mengi yaliyosemwa na wachezaji wa nchi nyingine kuhusu paa lile. Wapo waliosema walizima mashine wakatoka nje kutembea. Wapo waliowahi kuwa Kate, na waliwaandikia watengenezaji kuwaambia. Sishangai. Mwaka 2016 gemu hii ilipewa tuzo ya BAFTA, ile ya Uingereza, kwa upande wa hadithi, na mimi ningewapa kwa kitu kimoja tu: kumzoeza mtu usiku mzima kwamba kila kitu kinarudishika, halafu kumnyang'anya pale ambapo hakujitayarisha. Watengenezaji wenyewe wamewahi kusema kwamba walipokuwa wanatafuta kampuni ya kuitoa, nyingi zilitaka huyo Max awe mvulana, na Square Enix peke yao ndio hawakudai hivyo.

Sehemu ya tatu na ya nne nitazipitia haraka. Max anagundua kwamba akikodolea macho picha ya zamani anaingia ndani yake, na anamwokoa baba wa Chloe asipate ile ajali. Anaporudi, baba yupo hai na Chloe ndiye aliyepata ajali, amepooza kuanzia shingoni, anamwomba Max amsaidie afe. Mama mdogo aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilishaoshwa. Na yule mwalimu wa picha, mstaarabu, mwenye miwani, ambaye sisi sote tulimwona ndiye mtu mzima pekee mwenye akili mjini, kumbe ndiye shetani mwenyewe. "Na kile kindevu chake!" mama mdogo alirudia wiki nzima, kila akikikumbuka.

Usiku wa mwisho.

Tangu mwanzo Max anaona kimbunga kikija kuumeza mji. Kwa mwenzetu wa Ulaya nadhani hiyo ni picha ya hadithi. Kwetu ilikuwa habari ya juzi. Mwezi Machi Idai ilikuwa imeivunjavunja Beira, na wiki mbili tu kabla ya mfungo, tarehe 25 Aprili, Kenneth ilipiga Cabo Delgado huko huko Msumbiji, baada ya siku kadhaa za redio kuwataka watu wa Mtwara wahame mabondeni. Mwambao mzima tulikuwa tumeshika redio. Kwa hiyo ile nguzo ya upepo ilipotokea baharini kwenye skrini, kibaraza kizima kilikaa kimya kwa namna nyingine.

Max amesimama na Chloe kwenye mnara wa taa. Inabainika kwamba kimbunga kimeletwa na huko kurudisha wakati: Chloe alikuwa afe siku ile chooni. Unaweza kurudi kupitia picha ya kipepeo uliyopiga siku hiyo, ukamwacha apigwe risasi, na mji ukapona. Au unaichana picha, mnabaki wawili, na upepo unaula mji. Basi. Chaguo mbili, na muda wote unaoutaka.

Huu ndio mwisho uliowagombanisha wachezaji wa dunia, wakagawanyika karibu nusu kwa nusu. Wengi walilalamika pia kwamba saa zote zile za kuchagua hiki na kile zimeishia kwenye vitufe viwili, na kwamba ukimtoa Chloe unapewa mazishi marefu yenye nyimbo, ukiutoa mji unapewa dakika chache za gari likipita kwenye vifusi. Ni kweli. Naona hata watengenezaji walikuwa na upande wao na hawakujua kuuficha.

Kwetu ubishi ulikwenda hadi daku. Muuza kahawa alikuwa na hoja niliyokuja kuikuta baadaye kwa wachezaji wa Marekani wasiojua kahawa ya dele: mtoto huyu ameandikiwa. Kila akiokolewa anakufa tena, mara risasi, mara reli, mara risasi nyingine. Huwezi kushindana na kadari siku tano mfululizo. Amwache aende.

Mama mdogo alimwacha amalize. "Joyce yuko wapi?"

Nikamwambia yupo mjini, mgahawani, amejificha na wenzake.

"Basi muulizeni Joyce. Mwambieni, mama, tumuue binti yako wewe upone? Mkimaliza kumuuliza mje mniambie kajibu nini." Akafunga kanga yake upya. "Chaneni hiyo picha."

"Na mama wengine?" alisema mdogo wangu. "Mjini hakuna mama wengine? Kate je? Tumemtoa juu ya paa ili tumletee upepo?"

Tukamtazama. Kate wetu alikuwa amekufa usiku wa pili.

Ndipo ikatoka. Usiku ule ule wa paa, sisi tulipolala, alikuwa ameamka akaanza upya peke yake, kwenye nafasi nyingine ya kusevu, sauti ameizima, kamusi ya shule mapajani. Alifuta kibao cha mlangoni. Aliingia chumbani akasoma kila karatasi, akamsalimia na sungura. Simu ilipoita akapokea, Chloe akanuna, akamwacha anune. Na juu ya paa aliijua aya: Mathayo 11:28. Kijana wa madrasa, aliihifadhi.

Tangu siku hiyo ubishi wa wachezaji kuhusu mwisho wa gemu hii nausikia kwa sikio jingine. Watu wanagombana kana kwamba wamesimama kwenye mnara mmoja wa taa. Hawajasimama. Huyu anauokoa mji ambao ndani yake yupo msichana aliyemshika mkono akamshusha juu ya paa. Yule anaambiwa auokoe mji ambao shule yake ilimcheka msichana huyo hadi akafa, na yeye mwenyewe alikuwa kwenye chai. Vitufe ni vile vile viwili, lakini mizani imejazwa kabla, kidogo kidogo, kwenye mambo ambayo hata hukuambiwa kwamba ni uamuzi. Mwaka 2024 ilipotoka Double Exposure, mwendelezo uliotengenezwa na studio nyingine, Deck Nine, Max akiwa mtu mzima, gemu inakuuliza mwanzoni ulimtoa nani, na waliomchagua Chloe wakakuta ameachana na Max. Kelele zilizopigwa! Mimi nilitaka waulize na jingine: simu ulipokea?

Kwenye mchezo wetu wa kibarazani tuliichana picha, kwa amri ya mwenye nyumba. Mdogo wangu kwenye wake alimwacha Chloe. Mazishini Kate alikuwepo, amevaa nyeusi, na mdogo wangu akamwita mama yake aje amwone. Mama mdogo alikuja na mwiko mkononi, akasimama, akatazama. "Amekonda," akasema, akarudi jikoni.

Nina rafiki niliyesoma naye sekondari hapa hapa Tanga, dawati moja miaka minne. Baba yake alifariki nikiwa Dar, mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilituma rambirambi kwa simu, na ujumbe: pole sana mpenzi, nitakupigia. Hiyo ilikuwa 2013. Sikumpigia. Hakukuwa na ugomvi, wala kisa. Nilikuwa nitampigia baadaye.

Baada ya Idi niliitafuta namba yake kwenye daftari la zamani, nikapiga. Akapokea mwanaume. "Dada, laini hii nimeinunua," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwishaisema sentensi hiyo mara nyingi.

Mama mdogo alikuwa anakuna nazi. "Si yupo Pongwe," alisema. "Ameolewa, ana cherehani. Hujaniuliza."

Nilipanda daladala nimejiandalia maneno. Nilikuwa na hotuba kabisa, yenye miaka ndani yake, na nadhani nilitegemea nikute nywele za buluu. Nilimkuta anashona sare za shule, pini mdomoni, mtoto amelala kwenye marobota ya vitambaa. Alinitazama, akatoa pini moja moja, akasema, "Hee! We ulikuwa umeenda wapi?"

Nikaanza kuomba radhi. Alinikatiza. Alisema msiba ule ulikuwa na watu wengi hata nyumba haikutosha, kwamba miaka yote hiyo alikuwa na mambo yake, na kwamba kwa kweli ujumbe wangu hakumbuki kama aliusoma. Alisema hayo bila uchungu, huku akinitafutia kiti. Sijui kama ilinipoza au iliniuma. Nilikuwa nimekwenda kusamehewa na mtu ambaye hakuwa amenidai.

Tukanywa chai. Nikamsimulia gemu, maana ilibidi nieleze kilichonileta, na alicheka sana kusikia kwamba nilimwazia kama Chloe. Mengi hakuyajali, kimbunga wala kurudisha wakati. Kwa Kate alisimamisha cherehani.

"Simu ilivyoita, mlipokea?"

"Mdogo wangu alipokea. Mara ya pili."

"Na wewe?"

"Mimi sikucheza mara ya pili."

Akaniongezea chai, akaweka mguu kwenye pedali, akaendelea na sare zake.